Mlango Uliokataa Kufungwa

Fundi seremala alikuwa amepiga magoti mlangoni kwa dada yake, akipiga randa ukingo wa mlango. Bawaba alishabadilisha, na kitasa, na komeo. Tangu jioni ya mazishi mlango ule ulikuwa haufungiki. Ukiusukuma unakuja mpaka karibu na fremu, unasimama, kisha unarudi taratibu kama mtu aliyesahau kitu nje.

"Ukiendelea hivyo utanibakishia dirisha," dada yake alisema.

"Mbao zimevimba kwa unyevu."

"Jua lote hili, unyevu umetoka wapi, kaka?"

Fundi akapuliza vumbi la mbao.

Binti wa dada huyo, mwanawe wa pekee, alikuwa akishona vitambaa vya kuvika magodoro kiwandani. Moto ulipowaka, mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli upande wa nje, kama kila siku, ili wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Walimkuta hapo mlangoni, yeye na wenzake. Kiwanda kilileta jeneza na shada la maua, kikasema ni hitilafu ya umeme.

Kwenye ibada mchungaji alisema marehemu ameingia katika nyumba ya Baba, yenye makao mengi. Watu wakaitikia amina. Mama hakuitikia. Kwamba mbingu ipo, hilo halikuwahi kumsumbua. Lakini makao mengi ni vyumba vingi, na vyumba vingi ni milango mingi. Toka siku hiyo usingizi ulimpaa. Aliogopa kwamba mwanawe amesimama mahali fulani, anagonga.

Jua likiwa linazama, binti akaingia. Alivaa aproni yake ya kazi, na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulining'inia shingoni. Alinuka moshi, si sana, kama mtu aliyetoka jikoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Pita pembeni, usinikanyagie randa," mjomba alisema.

"Mjomba, utaumaliza huo mlango."

"Kumbe ni wewe unayeuzuia! Na mimi nachubuka magoti bure."

Binti akacheka huku amefunika mdomo, kama alivyozoea. Mama akamwekea chai. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Mwanangu, ulifika?"

"Nilifika, mama."

"Wakakufungulia?"

"Hakuna cha kufungua. Nilipapasa wee, natafuta kitasa, mpaka waliotangulia wakanicheka. Baba ndiye aliyecheka kuliko wote. Akasema, wewe mtoto, mbona umeshaingia kitambo?"

Mume wa mama alifariki binti akiwa bado anabebwa mgongoni, na alikuwa mtu wa kucheka. Mama akafunika uso kwa kanga akalia. Siku ya mazishi hakulia. Fundi aliiweka randa chini akasubiri.

"Sasa kama huko ni kuzuri hivyo," akauliza baadaye, "huku unarudia nini?"

"Wenzangu wa zamu ya jioni, mjomba. Wamefungiwa vilevile."

Wakaenda wote watatu. Mama alimshika mwanawe mkono. Ulikuwa mwepesi, lakini ulikuwa mkono. Kiwanda kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Mlango wa nyuma safari hii ulikuwa wa chuma, na kufuli lake kubwa kuliko la zamani. Ndani cherehani zilinguruma. Binti akalishika kufuli akalitikisa. Cherehani zikanyamaza kidogo, sauti ya mwanamke ndani ikasema, "Ni yule wetu," na zikaanza tena.

Fundi akatoa bisibisi mfukoni. Mlinzi akaja mbio.

"Mzee wangu, rudisha hiyo."

"Humo ndani kuna watu."

"Najua kuna watu. Si ni mimi ninayewafungia?" Akamgeukia binti. "Pole, dada. Hata jana nilikwambia, mimi nabana kufuli tu, ufunguo anakaa nao bosi. Na mimi nina watoto."

"Uliniambia," binti akasema. "Kesho nitakuja tena."

Mlinzi akamletea mama kiti chake akae. Wakabaki hapo mpaka giza likaingia, binti akitikisa, mlinzi akitazama pembeni.

Siku chache baadaye bosi alilalamika kwamba kufuli lina kelele. Akaamuru kipande cha godoro kikatwe, kibanwe nyuma yake. Sasa likitikiswa halisikiki.

Fundi hajaugusa tena mlango wa dada yake. Mama naye haombi tena mwanawe apokelewe, maana hilo limekwisha. Jioni anatenga chai na kukaa akiutazama mlango ulio wazi, mpaka binti aingie kutoka kiwandani, viganja vimechubuka.

"Wamefungua?"

"Bado, mama."

"Haya. Kaa upumzike kwanza, mwanangu."