Mlango wa Bi Siwema

Kila Alhamisi Somoe alianika betri za redio kwenye jamvi lilelile la makopa, mihogo ikikauka huku, betri zikipata joto kule, ili jioni ziwe na nguvu ya kuubeba mchezo hadi mwisho. Pale Mpapura, tangu watu wahamishiwe kijijini na nyumba zikapangwa mistari, redio yake ilikuwa ya mtaa mzima. Na mchezo wenyewe ulikuwa ule wa Bi Siwema, mama aliyemfukuza bintiye kwa kuolewa na mwanamume ambaye yeye hakumtaka.

Somoe alikuwa upande wa Bi Siwema, wala hakuficha. Binti wa redioni akilia, yeye humjibu kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Majirani walicheka kwa chini, maana nani asiyejua kwamba Halima, mtoto wake wa pekee, ameolewa mjini na Stefano, kuli wa bandarini, Mkristo wa kuja? Somoe alikuwa ameapa kwamba mlango wake Halima hataukanyaga tena. Mwaka wa tatu huo.

Alhamisi moja mawingu yalitanda kutwa, betri hazikuonja jua. Jioni binti wa redioni akafika kwao na mvua, mgonjwa, akabisha hodi. Akabisha tena. Nyayo za Bi Siwema zikasikika zikija, na papo hapo sauti ikafifia kama ya mtu aliye kisimani, ikakatika. Somoe akazitoa betri, akazisugua kwa khanga, akaziuma kwa meno, akazirudisha. Kimya.

"Amefungua," akasema.

Bakari, jirani yake mwenye ulimi mwepesi, akamgeukia. "Bibi, si wewe uliyekuwa ukisema asifungue?"

"Amefungua. Mama hawezi kusikia hodi ya mwanawe kwenye mvua, akakaa."

Bakari akachukua kigoda chake, akaenda zake.

Neno lile alilolisema mwenyewe likawa likimrudia siku zote zilizofuata. Redio nyingine kijijini ilikuwa ya mwalimu, naye alikuwa likizo. Jumatatu Somoe akaaga kwamba anakwenda mjini kununua betri, akatia kwenye kikapu korosho alizozibangua usiku kucha. Bakari akamuuliza tangu lini betri zinabadilishwa kwa korosho. Somoe akajitwika kikapu. Alidandia lori la ushirika, na njia nzima alipanga maneno. Hangeomba radhi. Angeuliza tu mchezo uliishaje, maana Halima hakuwahi kukosa mchezo tangu utoto. Mengine yangekuja yenyewe.

Huko mjini, mtaa wa Chikongola, aliifikia nyumba bila kuuliza mtu. Miaka mitatu watu walikuwa wakimwelekeza, naye akijifanya hasikii. Chumba kilikuwa na kufuli. Uani mwanamke aitwaye Veronika alikuwa akichambua mchele.

"Kwa Stefano? Wamehama, mama. Kahamishiwa Tanga. Walipanda meli juzi, Jumamosi." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe ni mama yake Halima. Uso ni uleule."

Akampa kigoda. Akamweleza kwamba barua ya uhamisho ilikuja mwezi mzima uliopita, lakini Halima alikataa kuondoka kabla hajafika Mpapura, na kufika alikuwa akiogopa. Alhamisi walisikiliza mchezo pale uani. Halima alikuwa akisema yule Bi Siwema ni mama yake mtupu: siku akifungua, na yeye atakwenda.

Somoe aliuliza taratibu, "Alifungua?"

"Alifika mpaka mlangoni, mama. Akasimama. Halafu akatia komeo."

Halima alinyanyuka, akaenda kufunga mizigo, Veronika akasema.

Somoe alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia. Korosho akamwachia Veronika. Betri alinunua, maana aliaga kwa betri.

Alhamisi watu walikuja na vigoda vyao kama kawaida. Betri mpya zilikuwa bado kwenye karatasi yake, chini ya mto. Somoe aliwaambia redio imekufa, haifai tena. Wakanung'unika kidogo, wakaanza kutawanyika. Bakari ndiye aliyebaki nyuma, akamuuliza kama huko mjini alipata walau kuusikia mwisho wa ule mlango.

"Alifungua," akasema Somoe. "Alifungua, akamvua nguo za mvua, akampikia uji."