Mgeni wa Kiraka

...na jina, mbona hakuuliza jina la mbwa, maana kila anayeingia humu ndani neno la kwanza ni hilo, anaitwa nani, hata yule muuza nyama wa wiki iliyopita aliyekuwa anaangalia saa muda wote aliuliza, lakini huyu ameingia, ameamkia, amevua viatu mlangoni kabla hajaambiwa na kuvipanga ukutani taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha mtoto aliyelala, kisha akatoa funguo mfukoni, akazifunga kwenye leso, akazirudisha, na hapo ndipo shaka ya Bi Mkasi ilipoanza, kwa sababu mtu mwema funguo zake hulia tu, anayezinyamazisha ni yule anayejua zikilia kitatokea nini, na huyu amejuaje, nani kamwambia kwamba Kiraka akisikia funguo anajikojolea... chai imeshamiminwa, vikombe viwili viko juu ya sinia, sinia liko mikononi, na yeye kasimama mlangoni mwa jikoni, hasogei mbele wala nyuma, anaichungulia sebule yake mwenyewe kama mwizi.

Fundi saa, ndivyo alivyojitambulisha, mimi ni fundi saa, mama, kwa sauti ya chini, na sauti ya chini Bi Mkasi haiamini, afadhali mtu anayefoka, anayefoka umeshamjua, lakini huyu wa polepole... na amekaa sakafuni, viti vitatu vipo, kimoja kina mto alioushona mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi anakwenda kukaa sakafuni karibu na meza ya kukatia nguo, tena kaipa meza mgongo, mgongo kabisa, kama hajui kwamba chini ya meza, nyuma ya lile pazia la mteja linaloning'inia mpaka chini, kuna mbwa, wakati mbwa ndiye aliyemleta. Wale watatu waliotangulia kuja kumchukua walipiga magoti, wakainua pazia, wakaita njoo njoo, wakachezesha midomo, na Kiraka akajikunja ukutani akatetemeka mpaka vifungo vilivyokuwa mezani vikaanguka, na wakaondoka, na Bi Mkasi akawasindikiza kwa pole nyingi huku moyoni anapiga vigelegele. Huyu haiti. Huyu anatazama ukuta. Mtu anayejua kumpa mbwa mgongo ama ni mjuzi wa mbwa, ama anamjua mbwa huyu, na kama anamjua huyu, basi amemjulia wapi... Kiraka aliokotwa na kovu la waya shingoni, na waya haujifungi wenyewe, kuna mkono uliofunga, na mikono ya fundi saa, iangalie, imetulia juu ya magoti, mikono iliyozoea vitu vidogo, waya mwembamba kwake ni kitu gani.

Akitaka anaweza kuyamaliza sasa hivi. Fomu iko pale juu ya cherehani, nafasi ya sahihi yake tupu, mlezi athibitishe kwamba mbwa yuko tayari, na mlezi ni yeye, asipotia sahihi Kiraka hatoki mlango huu. Mara tatu hakutia. Lakini leo asubuhi binti wa kituo cha mbwa, ambaye sasa amebaki kibarazani ili asimtishe mnyama, alimshika mkono, na binti yule si mtu wa kushikana mikono, akamwambia, "Mama, huyu ndiye wa mwisho. Miezi minne imekwisha. Ukisema bado, nitamrudisha kwenye vizimba." Vizimba. Sakafu ya saruji, mageti yanagongwa kutwa nzima, mbwa arobaini wanabweka kwa zamu... na hapa nyumbani hawezi kubaki, mwenye nyumba alikubali kwa muda tu, na juzi amepita kukumbusha, akisugua viatu vyake kwenye zulia kwa makusudi, muda tu, mama, tulisema muda tu. Kwa hiyo ni huyu au vizimba, na binti anajua, na labda binti na fundi saa wamepanga, labda ni mjomba wake, mbona waliteremka gari moja, watu wakikuletea kitu cha mwisho ujue wanakusukuma.

Shangazi naye alikuwa na sauti ya chini. Hilo Bi Mkasi hakulitaka lije, lakini limekuja, lina desturi ya kuja mikono ikiwa imejaa... alikuwa na miaka tisa, amekaa kwenye kitanda cha mama, mlango umeachwa wazi kidogo, na mama kasimama mlangoni hivi hivi, akiwa ameshika kitu, sufuria au bakuli, anamnadi, huyu hachagui chakula, huyu halii ovyo, huyu jogoo akiwika ameshafagia, na shangazi anatikisa kichwa kama mtu anayeshika kitambaa dukani kwa vidole viwili, na mama kila akiona kichwa kinatikiswa anaongeza sifa, maskini mama, alidhani anamtafutia mtoto mapenzi. Shangazi alitabasamu mpaka kituo cha basi. Miaka miwili Bi Mkasi alipikia watu sita na kulala stoo, vitabu vyake vya shule vikaishia kuwashia moto, na hata leo, mwanamke wa miaka sitini na mbili, mtu akimsifia kazi anaangalia mlango uko wapi. Ukikisifu kitu kitachukuliwa. Ndilo somo alilorudi nalo, hilo na chawa.

Ndiyo maana daftari. Kituo kilimpa daftari aandike kila siku, mbwa amekula nini, ameogopa nini, na mwezi wa kwanza aliandika kweli tupu, maana kweli ilikuwa mbaya ya kutosha, haogopi kitu kimoja anaogopa vyote, viatu, funguo, ufagio, uso wa mtu, mgeni akija avue viatu, ampe mgongo, asigeuke dakika ishirini. Mwezi wa pili Kiraka akaanza kula kwenye kiganja. Hakuliandika hilo. Alikaa na kalamu mkononi, akaona kichwa cha shangazi kinatikisika, akafunua nyuma na kunakili ukurasa wa mwezi uliopita, akabadilisha tarehe tu, na kesho yake tena, na wiki nzima, na mwezi, kama fundi mvivu anayemshonea mtoto anayekua kwa vipimo vya mwaka jana. Mwezi wa tatu Kiraka alimsalimu mleta maji kwa mkia. Akaandika: amejificha. Kila Ijumaa akimkabidhi binti daftari, binti anasoma, anasikitika, anasema wengi wakisoma haya hawaji tena, mama, na Bi Mkasi anasema ndiyo hivyo mwanangu, na usiku analala usingizi mzuri. Na wageni wakija kweli, ni nani aliyekuwa anasimama kwenye mlango huu amekaza pumzi, amekaza mabega, na mbwa anamwona, mbwa husoma mabega... hapana, hilo si sasa, sasa ni huyu mtu na funguo zake.

"Mama," fundi saa amesema, kwa ukuta, hakugeuka, "dakika ishirini zimefika? Nimevua saa, mlio wake usimsumbue."

Imebaki kidogo, Bi Mkasi amejibu, na papo hapo ameshtuka, kwa sababu dakika ishirini hakumwambia mtu yeyote, dakika ishirini ziliandikwa mahali pamoja tu duniani... na kumbe ndiyo hiyo, jamani, viatu ni ukurasa wa kwanza, funguo ni wa pili, mgongo ni wa tatu, na jina, hakuuliza jina kwa sababu limeandikwa kwenye jalada kwa herufi kubwa, na kwa mkono wake yeye, Bi Mkasi, aliyesimama hapa anamsingizia mtu wa watu waya wa shingoni. Mtu huyu amelisoma daftari. Amelisoma lote, anajikojolea, hali mbele ya watu, hatatembea barabarani, huenda asipone, uongo wa miezi mitatu, amelifunga, akapanda gari la binti akaja. Labda ni mtu wa hivyo, shaka ikanong'ona, maana shaka haikati tamaa upesi, wapo wanaopenda viumbe waoga... lakini tazama mguu wake wa kushoto, umekufa ganzi, kisigino kinacheza chenyewe, anaumia na hausogezi, na mkatili hajawahi kuzaliwa akakubali ganzi kwa ajili ya mbwa asiyemwona. Shangazi alifuata sifa. Wote waliowahi kuja kuchukua kitu kwake walifuata sifa. Huyu kasoma kasoro tupu, tena nyingine za kubuni, na amefuata hizo.

Sasa moyo unamuuma, waziwazi, kama jino. Kwa sababu asubuhi Kiraka hulaza kidevu juu ya mguu wake, ule unaokanyaga cherehani, na yeye hujifunza kukanyaga kwa mguu mwingine, mishono inakwenda upande, wateja wanalalamika, waache walalamike, na kuanzia kesho mishono itanyooka, mishono yote itanyooka mpaka atakapokufa. Na lile alilolikimbia nalo limerudi, mabega, pumzi. Si wageni. Mbwa alikuwa anamwangalia yeye, mlinzi wake kasema pana hatari, naye akaamini, angefanyaje. Amemfundisha woga aliokuwa ameshausahau, kila alipotaka kusahau akamkumbusha, na akaita mapenzi.

Akashusha mabega. Si kazi ndogo, yalikuwa juu tangu kitanda cha mama. Akatoa pumzi, na chini ya meza hakuna kilichobadilika, pazia limetulia, ukuta ni ule ule, mtu ni yule yule na mguu wake wa ganzi, chai haijapoa hata kidogo.

"Fundi," alisema, na sauti ilimtoka kavu, "lile daftari nimeandika uongo. Miezi mitatu. Anakula kwenye kiganja, haogopi funguo wala viatu wala nini. Nilikuwa nataka msije."

Fundi saa hakugeuka. Alikuwa bado anatazama ukuta, kwa sababu daftari lilisema asigeuke, na hakuna aliyemwambia vingine.

"Geuka tu," Bi Mkasi akamwambia. "Mwite."