Mashuka ya Thelma

Kila Jumatatu Thelma Tulip alianika nguo kabla ya jirani yeyote. Jumatatu hii, kufikia saa mbili asubuhi kamba yake ilikuwa imevuka uchochoro wa nyuma, kutoka ukuta wake hadi ukuta wa mkabala, na mashuka yanapigwa na upepo unaopanda kutoka mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa na kibanio mdomoni na kingine mkononi pale mwanamume mwenye koti la ngozi alipopita akiinama chini ya foronya.

"Samahani, mama. Tunaomba uondoe hizi. Gari letu litapita hapa."

Thelma alitoa kibanio mdomoni. "Gari gani?"

"La sinema. Tulikuwa tupigie picha mtaa wa juu, lakini wameufukua kutengeneza bomba. Ni gari la mazishi, na wafiwa wakilifuata nyuma."

Wafiwa. Wiki iliyopita yeye na mdogo wake Audrey walipanga foleni kwenye ukumbi wa kanisa, watu wa sinema wakitafuta sura za kuomboleza. Thelma aliambiwa asante, inatosha. Audrey akapewa nafasi ya mjane, atembee mbele kabisa. Jioni ile Matty, mume wa Thelma, alisema huku anapaka mkate siagi, "Si ajabu. Uso wa Audrey ni uso wa kutazamwa." Akaendelea kula.

Kabla hajamposa Thelma, Matty alicheza dansi na Audrey majira mazima ya baridi, mpaka Audrey alipoolewa na baharia. Baharia alishakufa. Na leo Matty alikuwa amebadilishana zamu kiwandani, eti aone kamera.

"Hadithi yenu inahusu nini?" Thelma aliuliza.

"Imetoka kwenye riwaya. Jamaa anarudi kwao, kaka yake ameuawa, analipiza kisasi."

"Kwa nani?"

"Karibu kwa kila mtu, mama."

"Ana nafasi huyo. Inaelekea hafui." Akabana shuka jingine. "Leo ni Jumatatu. Siondoi kitu."

Mama Hepple, jirani wa pili, alichomoza kichwa juu ya ukuta. "Hata lori la makaa linangoja siku ya Jumatatu, kijana! Wewe na jeneza lako tupu mna haraka ya nini?"

Wanawake wakacheka, kila mmoja kwenye kamba yake. Mtu wa koti la ngozi alinyoosha mkono kwenye kibanio, kicheko kikakatika. Akaurudisha mfukoni. Pale uchochoroni nguo ya mtu haikuguswa na mwingine, hata mvua ikinyesha.

Alimrudia mkubwa wake, na Thelma alisikia vizuri walichosema: ikifika saa sita njia haijafunguka, wataacha wafiwa, wampige picha mhusika mkuu peke yake kando ya mto.

Thelma aliingia ndani. Alitoa kabatini mablanketi mawili makavu, akayachovya kwenye beseni, akatoka nayo yanachuruzika.

"Thelma," Mama Hepple alinong'ona, "si uliyafua wiki iliyopita hayo?"

"Yananuka."

"Kuna kinachonuka kweli, ila si mablanketi."

Saa tano na nusu Audrey alifika, koti jeusi, kofia yenye wavu, midomo imepakwa rangi. Alikuwa mzuri hata katika msiba wa uongo. Matty alikuja nyuma yake, amembebea mkoba.

"Dada, nusu saa tu," Audrey alisema. "Tafadhali."

"Hazijakauka."

"Tangu mume wangu afe sijapata hata siku moja ya kufurahi. Hii nayo unanionea gere?"

Thelma alikuwa anautazama ule mkoba mikononi mwa mumewe. Matty aliuweka chini taratibu, akasogea, akashika kibanio cha kwanza. Hakuna mwanamume wa pale aliyewahi kugusa kamba ya Jumatatu, na Matty alilijua hilo kuliko yule mgeni.

"Matty, acha."

"Mke wangu, unatuaibisha. Ni nguo tu hizi."

Kona ya shuka ilianguka kwenye mawe machafu. Thelma alikuwa amejiandalia maneno mengi tangu asubuhi, ya Jumatatu, ya jua, ya haki ya mwenye kamba. Yote yalimkimbia. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, lakini hapakuwa na asiyeisikia.

"Si nguo, Matty. Kama Audrey asingekuacha, mimi ungenioa?"