Simbilisi Aliyeitwa Koko

Wanasema wivu ni mbaya. Wanaosema hivyo hawajawahi kushindana na ng'ombe.

Mimi nimeshindana na ng'ombe miaka miwili sasa, na si ng'ombe wa mchezo. Ni mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na anakaa Kajiado kwa Zipporah. Zipporah ni mama ya mke wa mwanangu. Mwanangu Wasike alitoka kwetu Webuye akapata kazi Nairobi, akapanga nyumba hapa Kitengela, akaoa msichana Mmaasai anayeitwa Naserian. Sikukataa. Naserian ana heshima, na chai yake ina maziwa ya kutosha. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba pamoja na yeye nitapewa Zipporah pia.

Mjukuu wetu ni mmoja tu, Linda, yuko Gredi ya Nne. Mimi ananiita Kukhu, kama watoto wa kwetu wanavyoita nyanya zao. Zipporah anamwita Koko, ndivyo wanavyosema kwao. Mpaka hapo tuko sawa, kila mtu na jina lake. Sasa Linda alipofika miaka saba, Koko akampa mtamba. Mtoto mdogo hivyo, ng'ombe mzima. Mimi mwaka huo nilikuwa nimempa sweta. Niliifuma kwa mikono yangu, na rangi alichagua mwenyewe, lakini sweta haizai.

Tangu hapo kila likizo ni Kajiado. Jumapili tukitoka kanisani, simu ni ya Kajiado. Mtoto akishaanza "Koko, amenona?" mimi natoka nje kuanua nguo hata kama hazijakauka. Nilihamia kwa mwanangu baada ya baba yake kufariki. Kila asubuhi ni mimi namsuka huyo mtoto nywele, na hakuna siku ameniuliza kama nimenona. Niliumia, sitaficha. Wasike akaniambia, "Mama, wachana na hayo, ni mtoto tu." Wasike ni mwanaume, ataelewa nini.

Mkono mtupu haulambwi. Nilipoenda nyumbani Webuye kuangalia boma, nikarudi na katoni niliyotoboa matundu, na ndani niko na simbilisi wawili. Kama humjui simbilisi, ni mnyama mdogo asiye na mkia, ukubwa wa kiatu cha mwanaume, na akisikia unakatakata sukuma wiki analia wii, wii mpaka umpe. Kwetu kila jiko lilikuwa nao. Walikimbia chini ya kuni wakala maganda ya ndizi, na hakuna aliyewajengea wala kuwatandikia.

Linda alipofungua katoni aliketi sakafuni na yunifomu yake ya shule, akamweka mmoja kwa mapaja.

"Kukhu, ni wangu?"

"Ni wako. Wote wawili."

Jumapili hiyo hakupiga simu Kajiado. Mimi sikumkumbusha.

Furaha yangu haikukaa. Yule mdogo mweusi alimwita Biskuti, sawa. Yule wa kahawia, mnene, anayesukuma mwenzake kwa chakula, alimfikiria karibu wiki nzima. Halafu siku moja tukiwa mezani akatangaza, "Huyu ataitwa Koko."

"Koko gani?" nikauliza, kana kwamba wako wengi.

"Koko wa Kajiado. Si unaona wanafanana?"

Mimi ndiye nilisafiri na huyo mnyama kutoka Webuye kwa mapaja yangu. Akanikojolea gauni la kanisa, nikavumilia, na sasa jina linaenda Kajiado. Niliingia jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Kutoka siku hiyo mimi nilimwita tu "yule mnene". Lile jina lingine lilikataa kupita kwa mdomo wangu.

Likizo ya Agosti ilikuwa inakaribia, na Zipporah alikuwa ametuma neno kwamba shule zikifungwa atakuja kumchukua mtoto. Nikakaa chini nikafikiri. Kwa nini huyu mtoto anakimbilia Kajiado? Kwa sababu kule yuko na kitu chake, kikubwa, kina mahali pake. Hapa kitu chake kiko kwa katoni chini ya sinki. Kama kule kuna zizi, nikasema, hapa patakuwa na jumba. Na Agosti hii Linda hatatoka Kitengela.

Mwenye nyumba alikuwa ameng'oa mlango wa stoo akauegemeza nyuma, karibu na tangi la maji, mahali upepo haufiki sana. Nikaulaza juu ya mawe manne ya machimbo yaliyobaki kwa ujenzi wa jirani, ili baridi ya chini isipande na panya wasipate njia. Hiyo ikawa sakafu. Mulwa, fundi wa mbao ng'ambo ya barabara, akanipa mabaki ya mbao, nikayapigilia pande tatu mpaka kimo cha goti. Upande wa nne nikaweka waya wa kuku ili hewa ipite. Juu nikafunika kwa waya, nusu nikaongeza bati la kuzuia jua, na nikatia bawaba ili mtoto afungue kama sanduku. Ndani nikalaza chungu kilichopasuka, wapate pa kujificha. Nilijigonga nyundo mpaka kidole gumba kikawa rangi ya biringanya, lakini sikumwita mtu.

Kabla ya kufunga waya wa juu nililala ndani kupima. Nilienea, miguu na yote. Mulwa alikuwa amekuja kuangalia.

"Mama, hapa hata mimi ningepanga," akasema. "Kodi ni ngapi?"

"Huwezi. Hapa ni pa wenye heshima."

Kisha akaniuliza nataka kutandika maranda au vumbi. Maranda ni yale magamba ya mbao yaliyojikunja, yanayotoka kwa randa. Vumbi ni la msumeno. Maranda niliyaona makavu, yanachoma mkono. Vumbi lilikuwa laini kama unga wa ngano. Nikasema nipe vumbi, gunia mbili, kwa sababu nilitaka Linda ashike kwa mkono aone kwamba hata Kajiado hakuna anayelala hivyo.

Alipotoka shule aliinua kifuniko akaingia ndani mwili mzima, na viatu. "Kukhu, hii ni kubwa kuliko kitanda yangu." Simbilisi nao walikimbia kutoka pembe hii hadi ile, wakirukaruka. Alikaa huko mpaka mama yake akamwita kuoga. Na akiwa anavua soksi akasema, bila mimi kumuuliza, "Kukhu, Agosti si nibaki tu hapa? Nikienda nani atawaangalia?"

Nilipika chapati, na haikuwa hata Jumapili.

Haikupita wiki, yule mnene akaanza kupiga chafya. Macho yakatoa maji. Nikikatakata sukuma, Biskuti analia peke yake. Nilisema ni baridi ya Kitengela, nikaongeza vumbi apate joto. Akazidi. Siku iliyofuata hakutoka chunguni, na Linda akapiga magoti pale nje akilia bila sauti, na hicho ndicho kilio kibaya.

Halafu akainuka, akaenda akachukua simu ya mama yake. Mbele yangu. "Koko," akasema, "mnyama wangu anakufa."

Mimi nimekaa hapo. Mimi niliyelelewa na simbilisi jikoni, mimi niliyejenga mpaka kidole kikaoza, na mtoto anamuuliza mtu ambaye hajawahi hata kumwona mmoja. Nikamnyang'anya simu nikasema, "Mama Naserian, wewe angalia ng'ombe. Hawa ni wetu." Nikakata. Linda aliniangalia kwa macho ambayo sipendi kuyakumbuka.

Asubuhi yake, Jumamosi, bodaboda ikasimama langoni. Akashuka Zipporah, na shuka lake na shanga zake, na gunia limemzidi kimo. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikuwa mgonjwa.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu, kwa sababu nimefundishwa adabu.

Hakuingia hata nyumbani. Alienda moja kwa moja nyuma, akainama, akashika vumbi kidogo akalipuliza. Likapanda kama moshi, akakohoa. "Mama Wasike, hii inaingia kwa pua. Hata ndama akilala kwa vumbi anaugua." Nilikuwa nimeweka jibu tayari, kali. Lakini alikuwa ameanza kuzunguka lile jumba, anasukuma mbao kwa viganja, anachungulia chini kwenye mawe.

"Nani alijenga?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mimi nimejenga nyumba nne kwa mikono yangu, najua ukuta," akasema. "Hii imesimama vizuri." Sikutaka kufurahi, nikafurahi. Hilo nalo likaniudhi.

Tulitoa vumbi lote, mimi na yeye, tukapangusa ule mlango kwa kitambaa kilicholowa, tukauacha ukauke. Kisha akafungua gunia. Zilikuwa nyasi, kavu lakini bado na rangi, laini, zinanukia vizuri. Na mwaka huu mvua ilikataa. Kila mtu ameona ng'ombe wanavyopita kando ya barabara ya Namanga, mbavu unaweza kuzihesabu.

"Umetoa wapi nyasi na kiangazi hiki?"

"Kwa olopololi."

Linda akanieleza. "Ni ile pahali imefungwa na miiba karibu na boma, Kukhu. Ng'ombe wakubwa hawaingii. Ni ya ndama na wagonjwa peke yao."

"Na ndama watakula nini?" nikamuuliza Zipporah.

"Watavumilia kidogo. Mtoto alikuwa analia."

Alisema hivyo tu, huku anatandaza nyasi kwa mikono miwili. Hapo wivu ukaniingia upya, mbaya kuliko wa mtamba. Mimi nilikuwa nimetandika ili nionekane. Yeye alikuwa amepokonya ndama zake chakula, akanyamaza. Hata kwa hilo alikuwa amenishinda.

Linda akamtoa yule mnene chunguni akamweka katikati. Akakaa, akanusa. Halafu akajipenyeza ndani ya nyasi mpaka akapotea, na baada ya muda tukasikia anatafuna.

"Koko anakula," Linda akasema. "Kukhu, sikia, Koko anakula."

Zipporah akageuka. "Sijala kitu."

"Si wewe, Koko. Ni huyu."

Nilisogea mahali nitamwona uso vizuri. Nilikuwa nimengojea siku hiyo tangu jina litoke. Zipporah aliangalia makalio ya simbilisi yaliyokuwa yamechomoza kwa nyasi, akayaangalia sana.

"Huyu panya ndiye mimi?"

"Si panya, ni simbilisi," Linda akasema.

Nilitegemea akasirike. Akaanza kucheka badala yake, akacheka mpaka akaketi kwenye jiwe, akifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Mama Wasike, unajua yule ng'ombe wa Linda anaitwa nani?"

Sikujua. Miaka miwili na sijawahi kuuliza.

"Anaitwa Kukhu," akasema. "Kila asubuhi natoka kwa nyumba yangu mwenyewe naita Kukhu, Kukhu, njoo. Mara Kukhu amepotea. Mara Kukhu ameingia shamba la watu, naenda kuomba msamaha. Jumapili mtoto anapiga simu, hata habari yangu haulizi, ni Kukhu amekunywa maji, Kukhu amenona." Akaacha kucheka. "Nimekuchukia mpaka nikachoka."

Nilimwangalia Linda. Alikuwa anapanga nyasi pembeni, haoni ajabu yoyote. "Niliwaita hivyo ndio nikiwa huku niko na Koko, na nikiwa kule niko na Kukhu," akasema.

Nikamuuliza Zipporah, maana lazima mtu aulize, "Ana maziwa?"

"Mengi, tangu azae. Lakini anapiga teke."

"Huyu wako naye anasukuma mwenzake kwa chakula."

Kila mmoja akaangalia upande wake.

Tulipomaliza chai, Zipporah akakunja gunia lake tupu. Shule zilikuwa zimefungwa jana yake, na nguo za Linda hazikuwa zimepangwa. Mtoto alikuwa ameshamwambia kwamba Agosti hii anabaki na wanyama wake. Zipporah hakubishana. "Mtoto amesema," akasema, akalikunja tena gunia ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Nilikuwa nimeshinda. Nilichotaka kilikuwa mkononi mwangu, na huyu mwanamke alikuwa anarudi kwa ndama wenye njaa na ng'ombe mwenye jina langu.

"Linda, chukua sweta," nikasema. "Kajiado kuna baridi asubuhi."

"Na hawa, Kukhu?"

"Nenda ukamwone yule wako." Nikaanza kumkunjia nguo zake. "Mimi nitabaki na Koko."

Sasa kila asubuhi natoka na sukuma mkononi, na ploti nzima inanisikia nikiita, Koko, njoo ule. Anakuja. Anamsukuma Biskuti kwanza, halafu anakula. Jioni simu ikilia kutoka Kajiado sitoki nje tena, na kabla Linda hajasema kitu namuuliza kama Kukhu amekamuliwa. Jana alikuwa amempiga Zipporah teke, ndoo nzima ikamwagika. Nilimtumia pole. Kisha nikakata simu nikacheka peke yangu.