Anayeinuka Ameshindwa

Watu wa Elea walikuwa na sheria moja ya kijinga, isiyoandikwa popote: katika mabishano juu ya mwendo, anayeinuka ameshindwa. Mshamba ndiye husimama akatembea, akauliza, "Si hivi naenda?" Baraza zima humcheka, maana miguu haijibu hoja.

Siku hiyo Lampon alikuwa amekaa barazani pa soko tangu asubuhi, akibishana na Dexion, mgeni kutoka Poseidonia mwenye ulimi mkali. Lampon alitetea mafundisho ya mji wake, kwamba hakuna kitu kinachosogea.

"Kufika langoni, kwanza ufike nusu ya njia," alisema. "Kabla ya nusu, robo. Kabla ya robo, nusu ya robo. Na nusu haziishi, ndugu yangu. Hatua ya kwanza utaianzia wapi?"

"Mbona mimi nimefika hapa? Au nililetwa na upepo?"

"Unaota tu, bwana. Bado uko kwenu."

Watu walikuwa bado wanacheka Myrto alipotokea, shela kichwani, anahema. Alikuwa dada mdogo wa Lampon, naye ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yao.

"Kaka, twende. Mama anakuulizia."

Nyumba yao ilionekana pale pale kilimani, hatua mia mbili hazitimii. Lampon akaweka mikono magotini ili ainuke. Dexion akatabasamu.

"Haya, simama bwana! Tuuone huo mwendo usiokuwepo."

Kicheko kikapasuka. Lampon akajikuta amekaa tena.

"Mwambie nakuja. Namaliza sasa hivi."

"Kaka, mama anakata roho!"

"Nimesema nakuja, Myrto. Usiniaibishe mbele za watu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Myrto akamtazama kama mtu asiyemjua, akageuka akaenda zake. Lampon akajiapiza kwamba wakimwita mara ya pili atakwenda, liwalo na liwe. Hakuna aliyekuja. Moyo ukamdanganya kuwa mgonjwa kapata nafuu, naye akabisha vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alasiri Dexion akaishiwa maneno, akainuka, na baraza likalipuka kwa shangwe.

Lampon hakungoja pongezi. Alipanda kilima mbio. Mlangoni kwao palikuwa pamewekwa mtungi wa maji, ya kunawa wanaotoka kumwona maiti.

Ndani, mama yake alikuwa ameshafungwa kitambaa tayani. Myrto alikuwa akimpaka mafuta miguuni. Lampon akamkumbatia marehemu, akalia kwa sauti bila haya.

"Mbona hamkuniita tena? Naapa ningekuja!"

Myrto hakuinua uso.

"Nilishavaa shela nikufuate, akanizuia. Akasema, 'Mwacheni mwanangu, leo anashinda.' Halafu kila mlango ulipolia, akawa anauliza kama ni wewe."