Mimi Hapa Kaa

Mtoto alipoletwa darasa la tano, katikati ya muhula, wenzake walimpa jina kabla hata hajapata pa kukaa: Kimya. Alikuwa amesoma ng'ambo ya mpaka, kwa lugha nyingine kabisa, na nyumbani kwa shangazi yake, fundi cherehani, walizungumza lugha ya baba. Kiswahili alikiokota kwa watoto wa jirani. Kiingereza, ambacho masomo yote ya shule ile yalifundishwa kwacho, hakuwa nacho hata cha kuombea maji.

Hesabu alikuwa nazo. Ukimwandikia hesabu za sehemu ubaoni, anazimaliza wenzake bado wanachonga penseli. Lakini swali likija kwa maneno, muuza duka na magunia yake, anabaki kulitazama kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene. Watoto walimwita Madam Rudia, kwa kuwa neno hilo lilikuwa halimkauki mdomoni. Alikuwa na utaratibu wake. Swali gumu likija, watoto walijadiliana kwanza kwa lugha yoyote waliyoiweza, kisha wakalivusha hadi kwenye Kiingereza, huyu akimsaidia yule. Darasa lilivuma kama mzinga wa nyuki. Mwalimu Mkuu akipita alikunja uso, maana juu ya kila mlango alikuwa amebandika tangazo: hapa ni Kiingereza tu. Kwenye mlango wa Madam Rudia halikuwapo.

"Nani kalibandua?" aliuliza siku moja.

"Mimi," Madam Rudia akajibu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Mtihani wa wilaya ulipokaribia, Mkuu alimwita shangazi ofisini, Madam Rudia naye akiwapo. Fundi alikuja na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mkuu akaanza kumweleza mambo kwa Kiingereza, kirefu, chenye kona nyingi.

"Mwalimu," shangazi akamkatiza, "humu ndani tupo watatu, na wote tunajua Kiswahili. Hayo unamwambia nani?"

Madam Rudia akainama kuficha kicheko. Mkuu akakohoa.

"Mama, mtoto wako anarudi darasa la pili. Kiingereza hajui. Atatuangushia wastani."

"Darasa la pili? Mtoto mkubwa vile akae na wanaong'oka meno?"

"Ni kwa faida yake."

"Mkuu, huyu mtoto si mzito," Madam Rudia akasema. "Hesabu anawaacha mbali wote. Anachokosa ni lugha, na lugha hataipata kwa kuondolewa penye wenzake wanaomzungumzisha. Niachie mimi."

"Nimeshaamua."

"Mimi sijakubali."

"Sijakuomba ukubali, mwalimu."

Kesho yake mwalimu wa zamu akampeleka Kimya darasa la pili. Alikaa kwenye kiti kidogo, magoti yanakaribia kidevu, akaimbishwa majina ya rangi pamoja na watoto wasiojua kufunga kamba za viatu. Mapumziko yalipokwisha alibeba mkoba wake, akarudi darasa la tano, akaketi mahali pake. Madam Rudia alimtazama, akaendelea na somo.

Mwalimu wa zamu akaja kumchukua. Mchana akarudi. Akachukuliwa tena. Asubuhi iliyofuata hakupita hata karibu na darasa la pili. Shangazi alipopata habari hakumgombeza. Alimnyoosha kola, akamwambia, "Nenda ukakae kwenu."

Safari hii Mkuu alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akamwamuru kwa Kiingereza atoke.

Kimya akasimama. Kidevu alikiinua. Tangu aje shuleni pale, hakuna mtu mzima aliyewahi kumsikia akitamka Kiingereza.

"Mimi hapa kaa," akasema kwa Kiingereza. "Mimi hapa soma. Mimi toka, hapana."

Hakuna aliyecheka. Msichana aliyekaa naye dawati moja akamnong'oneza namna ilivyopaswa kusemwa, kama walivyozoea kufanya kila siku. Kimya akarudia, neno kwa neno, na sasa sentensi zikasimama wima:

"Ninakaa hapa. Ninasoma hapa. Sitoki."

Mkuu angemwadhibu kwa kosa gani la lugha? Alichosikia kilikuwa Kiingereza, tena sanifu.

"Mwalimu, mtoe huyu," akamgeukia Madam Rudia, kwa Kiswahili, mbele ya darasa zima.

"Simtoi."

"Unajua unachofanya?"

"Nafundisha. Ukitaka atoke, mbebe mwenyewe, wenzake wakiona."

Mkuu akaondoka. Kabla ya wiki kwisha, Madam Rudia alikuwa amevuliwa ukuu wa idara ya lugha na kukabidhiwa usimamizi wa usafi wa vyoo. Walimu wenzake walimshauri aombe radhi yaishe.

"Radhi ya kufundisha?" akauliza, akavaa mabuti ya mpira, akaenda zake.

Si kwamba hakuogopa. Alimwambia dada yake kwamba kila akiitwa ofisini anajua ndiyo uhamisho huo. Lakini akiingia darasani, ilikuwa rudia, mwanangu, rudia, na mzinga unavuma kama kawaida.

Mtihani ukaja ukapita. Hesabu Kimya aliongoza. Hata yule muuza duka na magunia yake hakumshinda. Kiingereza alianguka, kwa alama chache. Wastani wa shule ulibaki pale pale ulipokuwa miaka yote. Aliyekasirika ni shangazi.

"Umekataa kutoka, sasa umekataa na kufaulu?"

"Mwakani nitafaulu."

"Na usipofaulu?"

"Nitarudia," akasema, na shangazi hakujua acheke au amchape.

Lile jina la Kimya lilikufa lenyewe. Mtoto alikuwa amekuwa mpiga domo, mara nyingine ikabidi asimamishwe nyuma ya darasa kwa kelele.

Muhula mpya ulipofunguliwa, naibu wa Mkuu alitokea mlangoni mwa Madam Rudia na watoto watatu wageni, macho yao sakafuni.

"Mkuu anasema hawa uwachukue wewe. Kiingereza hawajui."

"Amesema na madawati?"

"Madawati hakuyasema."

"Karibuni, wanangu, ingieni," akawaambia watoto. Kisha akamgeukia naibu. "Wewe rudi ukamwambie ayaseme."