Unene wa Mama Kabedi

Siku ya tatu ya mfungo, mama alinitazama asinitambue. Alikuwa amelala juu ya mkeka katikati ya nyumba ya sala pale Musonoi, mtaani kwetu, akina mama wamemzunguka, viganja vyao kichwani na mabegani mwake, kila mmoja akiomba kwa sauti yake. Nilipenya katikati yao nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na huko nje jua lilikuwa linachoma mabati. Alitapika maji matupu ya manjano, kisha akaniuliza kama baba ameshatoka kazini. Baba tulikwisha kumzika zamani.

Nikamgeukia Josée, dada mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyeongoza sala. Nilimwambia mama anakufa. Alinijibu bila ukali, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Ulikuwa mfungo mkavu, bila chakula wala maji, na ungefunguliwa jioni ile. Alisema vita huzidi mfungo unapokaribia kwisha, na kwamba kumtoa mtu sasa ni kumkabidhi kwa adui.

"Kabedi eko ushuhuda yetu, Noëlla," akasema. "Mungu hawezi kumuachilia hapa."

Katika chumba kile chote, mimi peke yangu ndiye niliyejua ushuhuda ule ulinunuliwa wapi.

Mama alikuwa akiuza chakula kwa wachimbaji, kando ya barabara inayoshuka machimboni. Alipika ugali wetu wa bukari, majani ya muhogo tuyaitayo sombe, maharage na samaki wa kukaanga, na alikuwa na mwili. Kwetu mwili wa mpishi ndio bango lake la biashara. Kijana akitoka shimoni na njaa yake, vumbi hadi kwenye kope, haendi kwa mama mwembamba. Anajiuliza: kama chakula hiki hakimfai hata mpishi, mimi kitanisaidia nini? Wachimbaji wana utani wao, na mwanamke anayewalisha sharti auvumilie.

Baba, Louis, alifariki kwa ugonjwa wa kifua baada ya miaka mingi ya vumbi. Mama akakonda. Alikonda kama anavyokonda yeyote anayelia bila kula, ila Musonoi hawakuona kilio, waliona mjane anayeisha. Wakasema amerithi ugonjwa wa mumewe, na ugonjwa waliomaanisha haukuwa wa kifua. Alikwenda kupima, akakutwa mzima. Lakini majibu ya maabara huwezi kuyabandika usoni ukatembea nayo. Wateja wakahamia kwa jirani, nasi tukawa tunarudi nyumbani jioni na sufuria zimejaa kama tulivyotoka nazo.

Ndipo mwanamke mmoja sokoni alipomwonyesha vinini. Ni vidonge vidogo vyeupe, na wasichana wanaotaka makalio wanavijua vizuri. Ndani yake mna homoni. Ni dawa ya kweli, hospitalini humwokoa mwenye pumu anayekaribia kukata roho, lakini sokoni kwetu inaitwa tu dawa ya kunenepa. Mama alianza kumeza, akaanza na kula. Alikula kama mtu aliyetoka gerezani: bukari asubuhi, bukari mchana, usiku chai yenye sukari hadi kijiko kinasimama. Mashavu yakajaa, yakawa ya mviringo, mekundu kidogo. Wateja wakarudi. Kabedi anarudi kijana, walisema, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kumbe muda wote huo Josée alikuwa anafunga kwa ajili ya mdogo wake, anashinda na njaa akimwombea. Alipouona mwili umerudi, hakuwa na haja ya kuuliza umetoka wapi. Jumapili moja alimshika mama mkono, akampeleka mbele ya kanisa, akasema waliomzika mdogo wake akiwa hai waje wamtazame. Kanisa zima lilisimama. Mama alikuwa amejifunga kikwembe kipya cha kitenge, ameinamisha kichwa, na watu walidhani ni unyenyekevu. Jioni ile aliniapisha. Nisimwambie mtu, na zaidi ya wote nisimwambie Josée, yaya yake, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya yangu alijinyima chakula juu yangu," akasema. "Nitamuambia nini?"

Basi nikanyamaza. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda mgongo, na mgongo hauna adabu ya kuficha. Uso wake ulizidi kunawiri huku mikono na miguu ikisinyaa. Nyuma ya shingo paliota nundu ya mafuta. Ngozi yake ikawa laini hata akiegemea meza anapata alama nyeusi, na siku moja alikohoa tu, ubavu ukaalika. Alikunywa maji usiku kucha. Watu walimsifu kwa ujana, na mimi nilikuwa naishi na mwanamke aliyekuwa anazeeka mbio kwa ndani. Nilimsihi aende kwa daktari amsaidie kuviacha taratibu. Muuguzi mmoja alikuwa ameniambia kwamba aliyevizoea muda mrefu haruhusiwi kukata ghafla. Mama alinicheka, akaniuliza kama nataka tuanze kuuza sufuria.

Nakumbuka yote hayo yalinipitia kichwani kwa mpigo mmoja pale mkekani. Niliinama nikamuuliza sikioni kama wakati wa mfungo alikuwa anameza vinini kwa siri. Swali hilo alilielewa. Midomo yake ilikuwa imekauka, ikabidi nisogeze sikio kabisa.

"Nilitupa yote mu choo," akasema. "Mbele ya mufungo. Nilitaka ile ushuhuda ikuwe ya kweli."

Sijui niseme nini juu ya maneno yale hata leo. Mama hakuwa amechoka kudanganya tu. Alikuwa amempa Mungu nafasi ya kulipa uongo wake: kama angeviacha na akabaki mnene, basi Josée hangekuwa amesema uongo mbele ya kanisa. Nilimpenda na nikamkasirikia kwa pamoja.

Nilisimama. Nilijua nikifungua mdomo mama atapoteza jina lake, labda na wateja wake, na dada yake. Nikipiga kimya atapoteza roho kabla ya jioni.

"Mama Mukubwa," nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "mama alinenepa juu ya kinini. Amemeza miaka, na sasa ameacha mara moja. Tukimuacha hapa mpaka mangaribi, atakufa."

Sala zilikatika. Viganja vilianza kumtoka mama mwilini, kimoja baada ya kingine, kama vile amekuwa wa moto. Mtu alinong'ona nyuma kwamba huo ni uongo wa madhabahuni. Josée aliniambia nirudie. Nikarudia. Akapiga magoti, akauliza kwa upole ambao sikuutegemea: "Kabedi, ni kweli?" Mama aligeuza uso ukutani, na chozi likamtoka.

Josée akavua kitambaa cha kichwa, akampangusa mama matapishi, akawaambia wenzake wamshike miguu. Hakuna aliyesogea. Basi tukambeba sisi wawili, yeye kwapani, mimi miguuni, tukatoka naye juani. Tulimpakia kwenye pikipiki kati yangu na dereva, kichwa chake kikinigonga begani kila shimo la barabara, na kila alipolegea nilimwita kwa jina lake la usichana. Josée alikuja nyuma kwa pikipiki nyingine, peku.

Kwenye zahanati, Daktari Mulumba alipima presha, akapima tena, akauliza kwa haraka mama anatumia dawa gani. Mama alinikazia macho. Hakuwa na nguvu ya kusema, lakini macho yale yalinisihi. Ni Josée aliyejibu. Alisema vinini vya kunenepa, miaka, na kwamba ameviacha ghafla akiwa kwenye mfungo mkavu. Daktari hakungoja mengine. Alitundika maji yenye sukari na chumvi, akamchoma sindano ya homoni ileile iliyokuwa imemkatika mwilini.

Baadaye alitueleza, mama akiwa amelala. Juu ya figo kuna vitezi vidogo vinavyotengeneza homoni ambayo mtu hawezi kuishi bila hiyo. Ukiileta nyingi kutoka nje, vyenyewe vinalala. Ukikata ghafla, vinabaki vimelala, na siku mwili unapopata shida ya njaa, kiu au homa, hakuna wa kuamka kuusaidia. Tena ile nyingi ya kutoka nje haikumpa ujana wowote. Ilikula mifupa, ikala nyama ya mapaja, ikamwachia sukari katika damu. Aliinua picha ya eksirei ya mgongo waliyompiga mama, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, akasema hii ni mifupa ya bibi kizee. Mama alikuwa hajafika miaka arobaini na mitano.

Alipozinduka vizuri, maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa haya: "Ulinivua nguo mbele ya batu."

Sikubisha. Alikuwa na haki ya kusema, nami ningefanya vilevile tena siku hiyohiyo. Hakunisemesha hadi mvua zilipoanza. Nilimpikia, nikamwogesha, nikampeleka kliniki, na mazungumzo yote yalipitia kwa Josée, ambaye alikuja kila siku na bakuli lake. Jumapili iliyofuata, Josée alisimama mahali palepale aliposimama na mama, akaufuta ushuhuda wake. Alisema hakumuuliza mdogo wake alipougua wala alipopona, na kosa ni lake. Wengine walimtenga, kikundi kikapata kiongozi mwingine.

Mwili wa mama uliyeyuka. Mashavu yalianguka, mgongo ukapinda mbele, akapungua kimo hadi vikwembe vyake vikawa vinaburuta. Mpaka leo anameza kidonge kidogo kila asubuhi, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu vile vitezi havijaamka sawasawa. Chakula chake kimebadilika pia: dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, maharage, mchicha tuuitao lengalenga, na donge dogo la bukari analolitazama kwa huzuni kabla ya kulila. Chai anakunywa bila sukari na anakunja uso hadharani. Alirudi barabarani kuuza, Josée akaenda naye kumsaidia, na wateja walirudi wachache wachache, wengine kwa njaa, wengine kwa udaku.

Mwezi uliopita alikuja dereva wa lori kutoka Fungurume, mgeni kwetu. Foleni ilikuwa ndefu. Mama alikuwa anaitoa sufuria ya sombe motoni kwa mikono yake miwili, ameinama, hatua zake fupifupi, na Josée amekaa kwenye benchi akisafisha sahani. Dereva alimwambia Josée, kwa heshima kabisa:

"Mama, juu ya nini unaacha mama yako abebe sufuria ya uzito hivi?"

Watu wa Musonoi waliokuwa kwenye foleni wakamgeukia mama. Josée alisimama haraka, akafungua mdomo, na nilimjua, alikuwa anatafuta neno la kumfunika mdogo wake. Mimi nilitazama mikono ya mama nikiogopa ataiachia sufuria. Aliiweka chini taratibu, akanyoosha mgongo kadiri unavyonyooka.

"Huyu ni yaya yangu," akasema. "Mimi ndio mudogo. Nilimezaka kinini ya kunenepa, ndio ilinizeesha. Utakula sombe ao samaki?"

Dereva aliangalia chini, akasema sombe. Josée akamshikia mama sahani, mama akapakua.